Kuchagua Tikitimaji Tamu: Niliyojifunza Kwenye Genge la Kirumba

Tikitimaji likishakatwa kutoka kwenye mmea wake, utamu wake hauongezeki tena hata kidogo. Katika miaka yote niliyouza matunda kwenye genge langu la Kirumba, jijini Mwanza, hakuna jambo nililowarudia wateja mara nyingi kuliko hilo. Wengi wetu tumekua na ndizi, embe na parachichi, matunda ambayo mama zetu waliyavundika ndani ya majani au magunia hadi yakaiva, na kwa hiyo tunadhani kila tunda lina tabia hiyo. Ndizi mbichi imejaa wanga, na wanga huo ndio unaogeuka kuwa sukari inapovundikwa. Tikitimaji halina akiba ya wanga ya kugeuza. Sukari yote iliyomo ililetwa na majani kupitia kikonyo, siku baada ya siku, na kisu cha mkulima kinapopita kwenye kikonyo hicho njia ya sukari hufungwa. Anayechagua tikitimaji sokoni, basi, ana kazi moja tu, nayo ni kutafuta ushahidi kwamba tunda lile liliachwa shambani hadi siku yake ilipotimia.

Nililielewa jambo hili vizuri nilipoanza kufuata mzigo mwenyewe mashambani, upande wa Magu na Misungwi, badala ya kungoja kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kiushushe mlangoni. Wakulima wa huko hupanda karibu na Ziwa Viktoria au kwenye mabonde yenye unyevu, na wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, huvuta maji kwa pampu. Mzee mmoja wa Magu, ambaye hadi leo namwita baba kwa heshima, ndiye aliyenitembeza shambani kwake na kunionyesha maua. Alinieleza kwamba mmea mmoja una maua ya kiume na ya kike, na kwamba la kike hutambulika kwa kitunda kidogo sana kilichotangulia nyuma yake kabla hata ya kuchavushwa. Ua hilo hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba, kwa hiyo kila kitu hutegemea nyuki kulitembelea mara kadhaa katika saa hizo chache. Nyuki wakifika wachache, tunda hukua upande mmoja likawa jembamba huku na nene kule. Ndiyo sababu aliyenifundisha hapulizi dawa ya wadudu asubuhi hata akiona wadudu. Hungoja jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi kwao.

“Binti yangu,” aliniambia, “usiniulize tikiti lina ukubwa gani. Niulize ua lake lilifunguka lini.” Tangu ua lichavushwe hadi tunda liive hupita takribani siku 30 hadi 45, kutegemea aina ya mbegu na joto la msimu. Ukubwa hukamilika mapema kuliko utamu. Tunda huweza kufikia karibu umbo lake lote huku ndani likiwa bado na rangi ya waridi na ladha ya maji, kisha katika siku za mwisho ndipo sukari inapojaa kwa wingi. Siku hizo za mwisho ndizo zinazoibwa. Dalali akifika shambani na pesa mkononi, bei ikiwa nzuri, mkulima mwenye deni la mbegu na mafuta ya pampu hushawishika kukata wiki moja kabla ya wakati, na mnunuzi wa Kirumba au Buhongwa hupelekewa tunda kubwa, zuri kwa macho, lisilo na kitu. Sisemi hivyo kuwalaumu wakulima, kwa maana nimeona deni linavyowabana. Nasema ili mnunuzi ajue kwamba ukubwa haumwambii lolote kuhusu utamu.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni doa la upande uliolalia udongo. Kila tikitimaji lina sehemu ambayo haikuliona jua, na sehemu hiyo hubaki bila rangi ya kijani. Tunda likiwa changa, doa huwa jeupe au la kijani kilichofifia. Kadiri linavyokomaa doa hugeuka rangi ya maziwa yaliyoganda, kisha manjano ya siagi, na tunda lililokaa vya kutosha huwa na manjano iliyokolea. Mteja akija kwangu namwomba aligeuze tunda kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Wauzaji wengi hupanga matikitimaji doa likiwa chini, kwa sababu upande wa kijani unapendeza zaidi, na baadhi ya wateja hudhani doa ni ugonjwa au uozo. Mimi huyapanga doa likiwa juu. Mwanzoni majirani zangu wa gengeni walisema nafukuza wanunuzi, lakini wanunuzi wenyewe, baada ya kuelezwa mara moja, huja wakiulizia la manjano.

Doa lazima lisomwe pamoja na aina ya tunda. Sugar Baby, lile la mviringo lenye ganda la kijani kilichokaribia weusi, huonyesha doa waziwazi, na manjano yake hukolea sana. Crimson Sweet, lenye michirizi ya kijani kilichokolea juu ya kijani chepesi, huonyesha doa vizuri vilevile, ingawa michirizi inaweza kupotosha jicho la mtu asiyezoea. Kazi ngumu ipo kwenye matikitimaji marefu yenye ganda la kijani kilichopauka, ya ukoo wa Charleston Gray, mbegu iliyotolewa Marekani mwaka 1954 na kupendwa kwa ganda lake gumu linalovumilia safari. Ganda hilo limepauka lote, hivyo tofauti kati yake na doa ni ndogo, na inabidi ulitoe tunda kivulini ulitazame kwenye mwanga wa jua. Nikiwa na aina hiyo natumia mkono zaidi ya jicho.

Nasema mkono kwa sababu ya uzito. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za tikitimaji ni maji, na tunda lililojaa vizuri huuelemea mkono kuliko macho yalivyotarajia. Namna ya kupima ni kuchukua mawili ya aina moja na ukubwa uleule, kila moja mkono wake, na kuchagua lililo zito. Jepesi mara nyingi limekaa sana baada ya kukatwa likapoteza maji, au lina uwazi katikati. Uwazi huo huanzia shambani, hasa pale uchavushaji ulipokuwa hafifu, na mara nyingi nyama inayouzunguka bado ni tamu, ila mnunuzi amelipia nafasi tupu. Hata hivyo uzito peke yake hauthibitishi kuiva, maana tunda changa nalo limejaa maji. Doa kwanza, uzito baadaye.

Kuhusu kugonga, najua nitapingwa. Karibu kila mwanamume anayesimama kwenye genge langu hugonga tikitimaji kwa kidole, huinamisha sikio, hutikisa kichwa kwa uzito mkubwa, kisha huchukua alilolipenda tangu mwanzo. Kugonga kuna maana yake. Tunda changa hulia kwa sauti kali na ya juu, lililoiva hutoa sauti nzito na ya kina, na lililopitiliza hutoa mlio uliokufa, usio na mwangwi, kwa sababu nyama yake imeanza kulegea. Lakini sauti hubadilika kwa unene wa ganda, kwa ukubwa wa tunda na kwa joto lake, na Sugar Baby dogo lililoiva linaweza kulia kwa sauti ya juu kuliko Charleston Gray kubwa ambalo bado ni changa. Ongeza kelele za pikipiki, wapiga debe na redio za maduka ya jirani, na utaelewa kwa nini mimi hugonga mwisho, tena kwa kulinganisha matunda ya aina moja yaliyotoka shamba moja. Kazi ninayoipa sauti ni kuyatenga yaliyopitiliza, na hiyo inaifanya vizuri.

Mkulima mwenyewe ana alama moja ambayo mnunuzi wa mjini huikosa kwa kawaida. Pale kikonyo cha tunda kinapoungana na mmea huwa na uzi mwembamba uliojisokota, ule ambao mmea huutumia kujishikiza. Uzi huo ukiwa kijani, tunda bado. Ukianza kunyauka, tunda linakaribia. Ukikauka kabisa na kuwa kahawia hadi kwenye shina lake, mkulima hukata. Mzee wangu wa Magu huangalia uzi huo kabla ya doa, na ananisisitizia kwamba uwe ule ulio jirani kabisa na tunda husika, si wa pili wala wa tatu. Nilipozoea, nilimwomba aniachie kipande cha mmea cha urefu wa kiganja pamoja na uzi wake kwenye baadhi ya matunda, ili wateja wauone wenyewe. Wapo waliokuwa hawajawahi kujua kwamba alama hiyo ipo.

Lakini alama hii ina mtego, na inafaa niueleze kwa kirefu kwa sababu umewapata wachuuzi wengi. Mmea ukishambuliwa na ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyafunika majani kwa vumbi jeupe, au ukinyauka kwa ugonjwa mwingine, uzi nao hukauka. Aliyelitazama tunda hilo bila kulitazama shamba ataona uzi wa kahawia na kuamini kwamba limeiva, kumbe limekufa njaa. Majani ndiyo jiko la sukari, na shamba ambalo majani yake yamekauka wiki mbili kabla ya kuvuna haliwezi kutoa tunda tamu hata kama kila alama nyingine inaonekana kamili. Tangu nianze kwenda mwenyewe, jambo la kwanza ninalolitazama shambani ni majani, na tunda huja baadaye. Majani yakiwa mapana, ya kijani, yakilifunika tunda dhidi ya jua kali, huwa nina matumaini tayari kabla sijainama.

Maji nayo yana neno lake. Wakulima wanaojali hupunguza kumwagilia kadiri mavuno yanavyokaribia, na wengine huacha kabisa wiki ya mwisho, ili sukari isitiwe maji. Jambo hilo linawezekana kiangazi, mkulima anapoamua mwenyewe pampu iwake au izimwe. Vuli ikianza kuelekea Novemba, au masika yakikolea kati ya Machi na Mei, mvua haimwombi mtu ruhusa. Mvua kubwa ikinyesha siku chache kabla ya kukata, matunda mengine hupasuka yakiwa shambani, na yanayobaki huwa na ladha iliyopungua. Ndiyo maana matikitimaji ya Julai na Agosti katika mwambao wetu huwa na utamu ambao wa Aprili hauufikii, hata yakitoka kwa mkulima yuleyule na mbegu ileile. Mteja akiniuliza wakati wa masika kama nina tamu sana, namjibu ukweli: “Dada, ninalo zuri kwa msimu huu.” Anayetaka kupima utamu wa Mwanza aje kiangazi.

Wekundu ni jambo jingine linalowachanganya watu. Machinga wanaouza vipande karibu na stendi huonyesha kipande chekundu kabisa, na mnunuzi huona ametazama utamu. Rangi na sukari ni vitu viwili. Tikitimaji lililokatwa mapema kidogo na kuwekwa mahali pa joto la kawaida linaweza kuendelea kukolea wekundu ndani kwa siku kadhaa, ilhali sukari yake haiongezeki. Ndivyo inavyotokea kipande kinang'aa kama damu na mdomoni kikawa maji matupu. Yapo pia matikitimaji yenye nyama ya manjano ambayo ni matamu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa tikitimaji tunalolima leo ni tikiti la Kordofan, nchini Sudan, ambalo nyama yake ni nyeupe na haina uchungu. Kordofan iko magharibi ya Nile Nyeupe, mto unaobeba maji ya ziwa hili letu kwenda kaskazini, na kila nikikumbuka hilo hufurahi kwamba tunda tunalolipanda hapa limerudi jirani na asili yake. Wekundu na utamu mkubwa ni kazi ya mikono ya wakulima wa vizazi vingi waliochagua mbegu, na kila kimoja kilichaguliwa kwa njia yake. Mbegu zinasema kweli zaidi ya rangi: katika aina tulizozizoea, mbegu zilizokomaa huwa nyeusi au kahawia iliyokolea, na kipande kilichojaa mbegu nyeupe laini kimetoka kwenye tunda lililoharakishwa.

Baadhi ya wateja huniomba tikitimaji “jike” wakiamini kwamba lile la mviringo ni jike na ni tamu, na refu ni dume. Maua yana dume na jike, lakini kila tunda limetokana na ua la kike, na umbo hufuata mbegu. Ninachokubali ni kwamba ndani ya aina moja, tunda lenye umbo lililolingana pande zote huonyesha kuwa nyuki walifanya kazi yao, na hilo ni jambo jema.

Mng'ao wa ganda ni alama ndogo, lakini huwa sipuuzi. Tunda changa hung'aa. Lililoiva huwa limefifia kidogo, na ganda lake limekuwa gumu kiasi kwamba kucha haiingii kwa urahisi, ingawa nawasihi wateja wasilichome tunda ambalo hawajalinunua. Tunda lililosuguliwa kwa kitambaa chenye maji linaweza kung'aa kwa kitambo, kwa hiyo mng'ao nao usomwe pamoja na doa.

Bwana shamba mmoja alipita gengeni siku moja akiwa na refraktomita, kifaa kidogo cha kuangalia kwa jicho ambacho hupima sukari kwenye tone la juisi. Tuliweka tone la kiini cha tikitimaji kubwa la Crimson Sweet, na kipimo kikapita nyuzi 10 za Brix, yaani kizio cha kupimia sukari kwenye juisi, kiwango ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa utamu mzuri sana. Kisha tukachukua tone la nyama iliyo karibu na ganda la tunda hilohilo, na kipimo kikashuka waziwazi. Siku hiyo nilielewa kwa nini watu wawili waliokula tikitimaji moja wanaweza kubishana kama lilikuwa tamu. Tangu hapo, mteja anayenunua mengi kwa ajili ya harusi au msiba akitaka kuonja, siwezi kumkatia kipembe cha juujuu. Nakata kabari ndefu inayofika kiini, kwa kisu kilichooshwa, baada ya kuliosha ganda kwa maji safi, kwa sababu uchafu wa ganda huingia ndani pamoja na kisu. Vipande vilivyokatwa na kuachwa wazi juani huku nzi wakivitulia sivipendi kabisa, na ninawasihi wazazi wasiwanunulie watoto.

Kuna hasara ambayo mnunuzi hawezi kuiona kwa nje, nayo hutokea njiani. Tikitimaji lililotupwa kutoka mkono hadi mkono wakati wa kupakia linaweza kubaki zima kwa nje na ndani nyama ikavunjika na kuwa kama uji. Huwa nawalipa vijana wa kupakia kidogo zaidi ili wayapokezane bila kuyarusha, na kirikuu hutandikwa nyasi kavu chini na pembeni. Mzee wangu hukata kuanzia mchana, kwa kuwa asubuhi na mapema matunda yamejaa maji ya usiku na hupasuka hata kwa mguso mdogo. Mnunuzi ambaye tunda lake limepasuka mfukoni mwa baiskeli kabla hajafika Pasiansi huenda alilinunua likiwa limekatwa alfajiri.

Baada ya kununua, tikitimaji zima hukaa vizuri kivulini, mahali penye hewa, kwa wiki moja hadi mbili. Lisiwekwe karibu na ndizi mbivu au maparachichi yanayoiva, maana gesi inayotoka kwenye matunda hayo huilegeza nyama ya tikitimaji na kuifanya ya kamasi bila kuiongezea chochote. Friji nayo si mahali pa kulilaza tunda zima kwa siku nyingi, kwa sababu baridi kali hulidhuru. Liingizwe saa chache kabla ya kuliwa tu, au likishakatwa, likiwa limefunikwa, na lililokatwa liliwe ndani ya siku tatu au nne. Na wakati wa kulikata, nawashauri walikate kwa urefu, kutoka kikonyoni hadi upande wa pili, kisha vipande vyembamba vinavyofuata urefu huo, ili kila mlaji apate sehemu ya kiini na asiwepo anayebakiziwa nyama ya karibu na ganda peke yake.